Vitu vya mwanafunzi na makaratasi ya nyumbani kwenye stoo moja ya kukodi: futi 25 zinatosha?

Mama_Wawili

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua stoo za kukodi hapa Uingereza. Kijana yuko chuo Leicester. Mkataba wa nyumba anayopanga unaisha 30 Juni, ule mpya unaanza 1 Septemba, na katikati hapo vitu vyake havina pa kukaa kwa sababu na sisi huku Reading tunahamia fleti ndogo. Nafikiria stoo moja ibebe vyote, vyake na makaratasi ya nyumbani.

Vyake ni hivi: kitanda cha mtu mmoja na godoro la springi, meza ya kusomea ya sentimita 120 kwa 60, kiti cha magurudumu, kabati la droo nne (la kuunganisha mwenyewe), friji ndogo, baiskeli, na maboksi sita ya vyombo, nguo na vitabu.

Makaratasi ni mafaili 14 yale makubwa ya pete, yamejaa, na mifuko miwili ya karatasi zisizopangwa. Humo kuna salari slipu, P60 (ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka), bili za kaunsili, risiti, pasi zetu za zamani, vyeti, na hati ya kiwanja cha Kibaha.

Maswali: futi 25 za mraba zinatosha? Makaratasi na fanicha vinaweza kukaa pamoja? Na kuna watu wanakodisha makontena uwanjani kwa karibu nusu ya bei ya stoo za ndani ya jengo. Yana ubaya gani?

---

Boksi_kwa_Boksi

Mama Wawili, usiulize eneo peke yake, uliza urefu wa kuta. Futi 25 za mraba mara nyingi ni futi 5 kwa 5, yaani sentimita 152 kila upande. Godoro la mtu mmoja la hapa ni 90 kwa 190. Halilali chini, hata ukiliweka mshazari, kwa sababu upana wake unagonga kona. Halisimami kwa ubavu mrefu kando ya ukuta pia, 190 haziingii kwenye 152. Linabaki kusimama wima kwa upande wake mfupi, na godoro la springi likikaa hivyo wiki tisa linavunjika kiuno.

Kwa ujazo nafasi ipo tele. Futi 5 kwa 5 zenye dari ya futi 8 ni kama mita za ujazo 5.7, na vitu ulivyotaja vyote, meza na kitanda vikiwa vimefunguliwa, havifiki 3. Kinachokusumbua ni umbo. Njia ni mbili. Chukua futi 35, ambazo kwa kawaida ni 5 kwa 7: ukuta wa futi 7 ni sentimita 213, godoro linasimama kwa ubavu mrefu bila shida. Au baki na 25, ulisimamishe wima likiwa limebanwa kati ya ukuta na fremu ya kitanda, na mikanda miwili, mmoja juu ya katikati na mmoja chini yake. Tena kuna stoo zinazoandika "25" lakini ni 4 kwa 6 na kidogo. Omba vipimo kwa sentimita.

Kama godoro ni lile jembamba la bei rahisi, kusema kweli liache. Utalipia futi 10 za ziada kulinda kitu ambacho baada ya miaka miwili ya chuo kimeshachoka.

Meza: toa miguu, acha uso mzima. Kabati la droo usilifungue. Mbao zake ni maranda yaliyogandamizwa kwa gundi, na zile kufuli za duara unazozizungusha nusu mzunguko hulegea tundu kila zikifungwa na kufunguliwa. Mara ya tatu skrubu inazunguka tu bila kushika. Lisafirishe zima, droo zikiwa tupu na zimezuiwa kwa kitambaa au kamba, si selotepu, maana selotepu ikikaa joto la Julai inaondoka na ngozi ya ubao. Usilivute sakafuni: ule ubao mwembamba wa mgongoni ndio unaolishika lisiyumbe, na misumari yake midogo hung'oka ukilisukuma kwa ubavu. Skrubu za kitanda na kile kispana cha umbo la L vitie kwenye kifuko kimoja, ukifunge kwenye chaga ya kitanda chenyewe. Kifuko kikitupwa kwenye boksi la vyombo, Septemba kitatafutwa hadi usiku.

Friji ndiyo inayoharibu stoo kuliko kitu kingine. Izime saa 24 hadi 48 kabla, barafu iyeyuke yote, pangusa hadi kwenye ule mpira wa mlango na kile kitundu cha maji cha nyuma. Ikishakuwa ndani ya stoo, mlango wake ubaki wazi kidogo, weka taulo iliyokunjwa katikati na ufunge kwa mkanda ili usijifunge wenyewe. Ikifungwa kabla haijakauka vizuri, kuvu itaanza kwenye mpira na harufu itahamia kwenye godoro.

Mpangilio: kwanza paleti au angalau kadibodi nene sakafuni, kisha acha nafasi ya kama sentimita 5 kati ya vitu na kuta. Kabati na friji nyuma, maboksi ya vitabu chini, ya nguo juu, kiti juu ya meza kikiwa kichwa chini, baiskeli mwisho karibu na mlango. Kama ni baiskeli ya umeme sema mapema, kwa sababu stoo nyingi hazitaki betri za lithiamu ndani. Vyakula visiingie kabisa, hata pakiti ya unga wa ugali iliyofungwa. Panya hajali kama imefungwa.

---

Faili_la_Bluu

Nijibu la makaratasi, maana hapo ndipo hasara isiyolipika.

Fanicha na karatasi havipatani chumba kimoja. Godoro, nguo, mbao na friji vinaingia na unyevu wake na vinautoa taratibu, karatasi inaunywa. Karatasi hukaa salama hewa ikiwa na unyevu wa kati ya asilimia 35 na 60. Ukipita 65 na kuendelea hivyo kwa muda, kuvu huanza, na huanzia katikati ya faili lililobanwa sana, pale usipoona. Kwa hiyo ikibidi vikae pamoja, makaratasi yawe juu, mbali na friji na godoro, wala yasiguse ukuta wa nje.

Lakini kabla ya kupakia, punguza. Faili moja la pete likijaa ni kama karatasi 500. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina kilo 2.5, weka na uzito wa faili lenyewe, unapata karibu kilo 3. Mara 14, una zaidi ya kilo 40, na nusu yake pengine ni ya kuchanwa.

Kwa mwajiriwa anayejaza ritani ya kodi, HMRC (mamlaka ya kodi ya hapa) wanataka kumbukumbu zitunzwe angalau miezi 22 baada ya mwaka wa kodi kuisha. Mwaka wa 2024–25 uliishia 5 Aprili 2025, kwa hiyo ni hadi mwisho wa Januari 2027. Aliyejiajiri ni zaidi: miaka 5 baada ya ile 31 Januari ya kuwasilisha, yaani kwa mwaka huohuo hadi mwisho wa Januari 2031. Ukiwa na kampuni, hesabu ni miaka 6 tangu mwisho wa mwaka wake wa fedha. Bili za umeme na za maji za miaka minane iliyopita hazina kazi hapo.

Mhamiaji ana hesabu nyingine, na hapa ndipo watu wetu wanapojiumiza kwa kusafisha kupita kiasi. Ombi la uraia kwa njia ya kawaida linaangalia miaka 5 na siku ulizokuwa nje, zisizidi 450 (kwa mwenza wa raia ni miaka 3 na siku 270). Mihuri ya kutoka na kuingia iko kwenye pasi ya zamani. Mtoto aliyezaliwa hapa kwa mzazi mwenye ukaazi wa kudumu naye atatakiwa kuonyesha hali ya mzazi ilivyokuwa siku anazaliwa. Kwa hiyo pasi zilizokwisha muda, barua za Home Office (wizara inayoshughulikia uhamiaji), na hata zile kadi za ukaazi zilizokoma mwisho wa 2024, hazichanwi na hazipelekwi stoo. P60 nazo zitunze muda mrefu, zitakusaidia siku rekodi ya bima ya taifa ikiwa na pengo.

Makundi yawe matatu basi. La kwanza linabaki nawe nyumbani, kwenye boksi moja ukubwa wa begi la mkononi: pasi, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, vyeti vya shule, wosia, hati ya kiwanja. La pili ni la stoo, yaani kumbukumbu za kodi ambazo muda wake haujaisha, mikataba iliyokwisha lakini inaweza kuulizwa, na kadhalika. La tatu ni la mashine ya kuchana, ile inayokata vipande vidogo, si vipande virefu kama tambi ambavyo mtu mwenye subira anaviunga.

Hati ya Kibaha hasa. Ikipotea, kupata nyingine kunapitia ripoti ya polisi na tangazo kwenye Gazeti la Serikali, na wewe uko Reading. Isiingie stoo hata kwa wiki moja.

Risiti: zile za karatasi inayochapwa kwa joto, kama za EFD (zile mashine za risiti za kodi) za kwetu Tanzania, hufifia zenyewe, na ukizitia kwenye mifuko laini ya plastiki hufifia haraka zaidi. Zipige picha au uzitoe kopi sasa, maana Septemba utakuta karatasi nyeupe.

Kupakia kundi la pili: toa karatasi kwenye mafaili ya pete. Chuma chake hushika kutu, na faili likilala ubavu karatasi hupinda pale kwenye pete. Toa raba bendi zote (zinaganda na kunata), toa klipu za chuma. Ziweke kwenye folda za kadibodi, zisimame wima ndani ya boksi, zisibanwe hadi kidole kisipite. Kilo 15 kwa boksi ndiyo mwisho. Likizidi hapo kitako kinafunguka ngazini. Juu ya boksi andika namba tu. Orodha ya kilichomo ikae kwenye simu, kwa sababu boksi lililoandikwa "BENKI NA PASI" linajitangaza lenyewe kwa kila anayepita kwenye korido.

---

Mama_Wawili

Asanteni sana, hapo kwenye pasi mmeniokoa, zilikuwa kwenye mfuko wa kuchanwa. Swali dogo: si bora nitumie maboksi ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana? Na kontena je?

---

Paa_la_Bati

Plastiki ni nzuri kwa maji ya kumwagikia. Kwa unyevu uliokwisha kuingia ni mtego. Karatasi iliyotoka kwenye kabati la chini ya ngazi lenye ubaridi, ukiifungia kwenye plastiki inayobana, umeifungia na unyevu wake. Ziache kwanza siku kadhaa kwenye chumba kikavu, mafaili yakiwa wazi, ndipo ufunge. Vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye boksi la viatu vinasaidia ndani ya boksi lililofungwa tu. Ukivitupa kwenye stoo nzima ni sawa na kuukausha mto kwa sifongo. Kwa stoo ya ndani ya jengo, kadibodi nzuri yenye kuta mbili inatosha.

Kontena sasa. Anayejua kontena lililogeuzwa duka kule Dar anajua adha ya joto la mchana. Hapa taabu ni usiku. Mchana wa Julai jua linapiga bati, hewa ndani inapanda joto na kunyonya unyevu kutoka kwenye godoro, mbao, kadibodi na ile sakafu ya plaiwudi. Jua likizama bati linapoa kabla ya vitu. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 16 au 17. Paa la chuma usiku wa Uingereza, hata kiangazi, linafika hapo bila shida. Matone yanajikusanya darini na kuanguka juu ya boksi la juu kabisa, ambalo ndilo ulilolipa heshima kwa kuliweka juu lisibanwe.

Mvua haihusiki, kwa hiyo mwenye uwanja akikuambia "kontena halivuji" anasema kweli na bado utaloa. Muulize kama dari imewekwa kizuizi cha joto, yaani ubao wenye povu au ile rangi nene inayonyonya matone. Angalia matundu ya hewa ya pembeni kama hayajazibwa. Halafu omba uingie ndani mlango ufungwe kidogo ukiwa na mwenyeji wako: mwanga ukipenya kwenye kona au kwenye mpira wa mlango, maji nayo yatapenya. Harufu ya udongo mbichi ikikupokea, geuka.

Kwa wiki tisa, meza, kiti na baiskeli vinaweza kukaa kontena. Godoro hapana, labda kwenye mfuko wake wa nailoni nene ukiwa na tundu dogo upande mmoja lisitokwe jasho. Makaratasi hapana kabisa. Ndoo za kalsiamu kloridi zinavuta maji kweli, ila zinajaa, na mtu wa Reading hawezi kwenda kuzimwaga Leicester kila baada ya wiki mbili.

---

Siku28

Upande wa mkataba, Mama. Bei ya tangazo ni ya kuingilia. Nyingi ni nusu bei kwa wiki 8 za kwanza au pauni 1 mwezi wa kwanza, kisha bei kamili. Kwako ofa ni nzuri kwa sababu unakaa kidogo, lakini soma muda wa chini unaotakiwa ukae ili uipate.

Wengi hutoza kwa siku 28, si kwa mwezi. Ukikaa mwaka unalipa mara 13. Wewe kutoka 30 Juni hadi 1 Septemba ni siku 63: vipindi viwili vya 28 na siku 7 za ziada. Uliza waziwazi kama siku 21 zilizobaki za kipindi cha tatu zinarudishwa. Wapo wanaorudisha na wapo wasiorudisha, na hilo peke yake linaweza kuifanya stoo ya bei rahisi kuwa ghali. Notisi ya kuondoka mara nyingi ni siku 14, kwa hiyo ipeleke katikati ya Agosti kwa barua pepe, si kwa mdomo kaunta. Hakikisha pia bei uliyotajiwa ina VAT ya asilimia 20 ndani; stoo hizi zinatozwa tangu 1 Oktoba 2012.

Bima ni lazima karibu kila mahali. Watakuuzia yao, lakini una haki ya kuuliza kama bima yako ya nyumba inafika huko. Leta barua inayosema hivyo. Thamani unayotaja ni ya kununua vitu upya, na usiipunguze ili kuokoa senti. Vitu vya pauni 3,000 ukivikatia 1,000, kisha vikaharibika vya 600, wana haki kwa mikataba mingi kukulipa theluthi: 200. Soma pia kisicholipwa. Kuvu, nondo na wadudu huachwa nje na bima nyingi, hati na pesa taslimu vivyo hivyo. Bima ikilipa boksi la makaratasi, inalipa bei ya karatasi.

Ukichelewa kulipa wanaweka kufuli lao juu ya lako, na mkataba unawapa haki ya kuuza vilivyomo baada ya notisi. Hiyo notisi inakwenda kwenye anwani uliyoandika siku ya kwanza. Ninyi mnahama! Badilisha anwani yao siku ileile unayobadilisha ya benki, na kama kadi ya malipo inaisha muda Julai au Agosti, wape mpya mapema.

Kufuli: nunua la diski, lile la duara ambalo chuma chake cha kufungia hakichomozi. Kufuli la kawaida lenye shingo ndefu linakatwa kwa mkasi wa bolti kwa sekunde. Huna haja ya kulinunua kaunta kwao.

---

Faili_la_Bluu

Niongeze moja ambalo limejificha. Kijana yuko Leicester, makaratasi yako Reading. Vitu vizito ni vyake, kwa hiyo stoo iwe Leicester. Makaratasi ukishayachuja yatabaki maboksi mawili, pengine moja na nusu. Hayo hayahitaji safari ya zaidi ya kilomita 150; yanakaa chini ya kitanda hapo fletini, kwenye ukuta wa ndani. Ukiona lazima yatoke, chukua loka ya futi 10 karibu nawe, ndani ya jengo, peke yake.

---

Mama_Wawili

Sawa wakuu. Basi stoo Leicester, futi 35, ndani ya jengo, fanicha tu. Makaratasi nayachuja wikiendi hii. Mkataba utakuwa kwa jina langu na mimi ndiye nitakayelipa. Nikimpa kijana ufunguo inatosha aende kutoa vitu mwenyewe?

---

Siku28

Haitoshi. Geti na lifti vinafunguka kwa namba ya siri iliyofungwa na jina. Siku ya kusaini, jina lake liandikwe kama mtu aliyeruhusiwa kuingia, naye apeleke kitambulisho chenye picha. Wewe utadaiwa kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Peleka wa nyumba ya sasa, kisha wajulishe mkihama.

Gari la mizigo aliweke mapema, 1 Septemba mji mzima wa chuo unahama siku moja. Na asipange kutoa vitu Jumatatu ya mwisho ya Agosti bila kupiga simu kwanza: ni sikukuu, geti linaweza kufunguka lakini kaunta ikawa imefungwa, na kitoroli kikawa ndani ya kaunta.